Mama Alienda Sokoni

Kitengela,
9 Juni 1992

Kwa Madam Maryanne Wakhungu,
Mpango wa Familia za Malezi, Kajiado.

Madam,

Sopa, kama tunavyosalimiana huku. Ulisema nikuandikie mtoto anaendeleaje, na nisizungushe maneno. Mimi na kuzungusha maneno ni ndugu, kwa hivyo utanivumilia.

Mtoto mliyenikabidhi nje ya kanisa ako mzima. Siku tatu za kwanza hakutaka kitu isipokuwa chai, na kila akimaliza chai anachukua kikombe aende kukiosha. Nikamnyang'anya. Kwetu mgeni haoshi vyombo, hata kama ni wa miaka sita. Nikamwambia, kaa chini mama, kula, wewe ni mgeni. Aiya! Akalia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mimi nilifikiri analilia kwao. Ni bwanangu Masila aliyeona kwamba analilia lile neno mgeni.

Basi siku ya nne tukafanya vile Wakamba tunamfanyia mtoto aliyezaliwa. Nikampa jina, na Masila akamvika ushanga shingoni, ule wa bluu, kama baba anavyomvika mtoto mchanga ili awe mtu wa nyumba hiyo. Watu walicheka, eti huyu mtoto mchanga ako na meno yote. Wacha wacheke. Mzee Kisemei, yule Mmaasai aliyetuuzia ploti, alileta maziwa kwa kibuyu, na mtoto akamsalimu kwa kumwinamishia kichwa aguswe, kwa sababu alikuwa ameona kijana wangu Kyule akifanya hivyo.

Jina ni Mbeke. Ni la mama yangu. Alikufa mwaka wa themanini na saba akiwa hajaitiwa mjukuu, kwa vile baada ya Kyule tumbo langu lilifunga. Sasa ameitiwa. Siku hiyo hiyo nikampa Mbeke vikombe vyote vya nyumba aoshe. Alivunja kimoja na hakuna mtu aliyemgombeza.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kila Jumanne anakaa langoni. Huku soko ni kila siku, mimi mwenyewe nauza mboga ya sukuma na ndizi hapo, lakini yeye anajua Jumanne tu. Ananiuliza, "Soko la huku linaisha saa ngapi?" Nikimwambia saa kumi na mbili, anakaa mpaka saa kumi na mbili. Halafu anaingia ndani. Leo ni Jumanne, nikiandika hivi namwona kwa dirisha.

Fomu nimejaza. Pale pa wazazi nimeacha wazi, sijui niandike nini. Unga tulipata. Maharagwe yalikuwa na wadudu, lakini asante.

Mimi,
Kathini Masila (Mama Kyule)


Kajiado,
22 Juni 1992

Mpendwa Mama Kyule,

Natumaini hamjambo nyote. Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea Mkurugenzi ile sehemu ya ushanga. Alifurahi sana. Alisema familia kama yenu ndiyo tunayoitafuta.

Yapo mambo mawili. Kwanza, orodha iliyokuja na lori la watoto kutoka Nakuru inamtaja kwa jina la Wamaitha, miaka sita, kutoka upande wa Molo. Nyumba yao ilichomwa mwezi wa tatu wakati wa vita vya makabila, na baba yake na mdogo wake walifia ndani; yeye aliokotwa njiani. Fomu yako inasema Mbeke. Faili moja haiwezi kubeba majina mawili, wafadhili huchanganyikiwa. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaifungua kwa jina la Mbeke Masila, nimelikata lile la Nakuru.

Pili, kuhusu wazazi. Orodha haisemi lolote juu ya mama. Mpango wetu unasaidia familia zilizopokea watoto waliopoteza baba na mama. Mtoto ambaye huenda ana mzazi mahali hurudishwa Nakuru, akasubiri kambini mpaka atafutiwe. Wewe ndiwe unayeishi naye. Amesema nini kuhusu mama yake? Neno moja linatosha. Nalihitaji kabla ya mwisho wa mwezi.

Wako katika kazi ya Bwana,
Maryanne Wakhungu


Kitengela,
27 Juni 1992

Madam,

Umetaka neno moja. Andika amekufa.

Mtoto hajasema kitu, na mimi sitamuuliza. Ukimuuliza mtoto habari ya moto unamchoma mara ya pili. Na nikuulize, mama gani ako hai na hajamtafuta mtoto wake miezi mitatu? Mimi ningetembea kwa magoti kutoka Molo mpaka hapa. Kambini hapana. Nimesikia huko wanalala kwa turubai, matope yanaingia mpaka kwa blanketi. Huyu amezoea kitanda. Jana amepigana na Kyule juu ya uji, wakapiga kelele mpaka nikawatoa nje wote wawili. Usije ukanitolea mtoto ambaye ameanza kupiga kelele.

Mama Kyule


Kajiado,
30 Novemba 1995

Mpendwa Mama Kyule,

Nina habari njema. Unakumbuka mpiga picha tuliyekuja naye mwezi wa nane? Picha aliyompiga Mbeke akiosha vikombe nje ya jikoni lako imechaguliwa kuwekwa kwenye kalenda yetu ya mwaka ujao, ukurasa wa Februari. Kalenda itapelekwa makanisa yote yanayotuunga mkono, hata ya Nakuru na Eldoret. Nimekutumia mbili.

Mpiga picha alilalamika kidogo kwamba mtoto alikuwa amevaa vizuri mno. Nilimwambia huo ndio ushahidi wa kazi yetu.

Wako katika kazi ya Bwana,
Maryanne Wakhungu


Nakuru,
17 Februari 1996

Kwa mkubwa wa ofisi ya watoto, Kajiado.

Naitwa Nyakio. Nafua nguo za watu hapa Nakuru, na Jumamosi nafagia kanisa. Leo nikifagia nimeona kalenda yenu ukutani. Mtoto anayeosha vikombe ni Wamaitha wangu.

Chini imeandikwa Mbeke wa Kitengela, amepoteza baba na mama. Mimi ndiye mama. Sikufa. Siku ile ilikuwa Jumanne, nilikuwa nimepeleka viazi sokoni. Niliporudi hakukuwa na nyumba. Waliobaki waliniambia wote walikuwa ndani, na kilichozikwa kilikuwa majivu, hakuna aliyejua ni ya nani. Miaka minne nimewalilia watoto wawili. Sasa naona mmoja anaosha vikombe.

Mkiangalia mkono wa kushoto mtaona alama ya kuungua, inaenda kama mkia wa panya mpaka kwa kiwiko. Ni uji. Akiwa na miaka miwili nilimmwagia, mimi mwenyewe. Alama hiyo naijua kuliko uso wangu.

Sitaki unga wenu. Sitaki kugombana na mtu yeyote. Huyo aliyemvalisha rinda zuri hivyo Mungu ambariki. Niambieni tu nije siku gani.

Mimi,
Nyakio, mama ya Wamaitha


Kajiado,
8 Oktoba 1996

Mpendwa Mama Kyule,

Barua hii usiisome mbele ya mtoto.

Mwezi wa pili nilipata barua kutoka Nakuru. Kuna mama anayedai kwamba Mbeke ni wake na kwamba siku ya mkasa alikuwa sokoni. Sikujibu mara moja. Wafadhili walikuwa wanakuja mwezi wa saba, na nilitaka kwanza wapite. Amekwisha kuandika mara nne.

Wenye madai ni wengi siku hizi. Mtu akiona kalenda anadhani kuna mali nyuma yake. Huyu anataja alama ya kuungua mkono wa kushoto, lakini kwenye picha mkono unaonekana, hata mimi ningeweza kuitaja.

Nitakueleza ukweli wangu. Nikikubali kwamba faili hii ina kosa, watafungua faili zote mia mbili, na zote zina mwandiko wangu. Nimepanga nyumba Ngong, watoto wangu watatu wako shule, na baba yao tunamwona Krismasi. Nakuuliza kama mama kwa mama mwenzake. Mbeke aliwahi kukwambia kwamba mama yake yuko hai? Kama hakusema, niandikie hivyo, nami nitajua la kujibu.

Maryanne


Kitengela,
13 Oktoba 1996

Madam,

Hakusema.

Mtoto gani hana alama ya uji? Kyule ako na yake kwa goti. Huyo mama alikuwa wapi miaka minne? Sasa mtoto amekuwa namba tatu darasani, amejua kuoka chapati, ananichana nywele Jumapili, ndiyo mtu anatokea Nakuru na kalenda kwa mkono? Mwambie hapana. Mwambie kwa Kiswahili kigumu cha ofisi.

Nilimsomea Masila barua yako. Aliinuka kwa meza na hakumaliza chakula. Akiwa mlangoni akasema, "Kathini, Jumanne zile." Nikamwambia afunge mlango, vumbi linaingia.

Mama Kyule


Kajiado,
4 Novemba 1996

Kwa Bi. Nyakio, Nakuru.

YAHUSU: DAI LAKO JUU YA MTOTO MBEKE MASILA

Barua zako nne zimepokelewa na kuchunguzwa kwa makini. Kumbukumbu za ofisi hii zinaonyesha kwamba wazazi wote wawili wa mtoto aliyetajwa walifariki mwezi wa Machi 1992. Ofisi kwa hivyo haiwezi kuendelea na suala hili. Tunakupa pole kwa msiba wako.

M. Wakhungu,
Afisa wa Mpango


Kitengela,
14 Agosti 1998

Madam,

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nikimwambia Masila atanyamaza, na kunyamaza kwake siku hizi afadhali anitukane.

Jana saa nne mwanamke alikuja kwa kibanda changu. Mrefu, mkavu, viatu vya plastiki, kitambaa cha kanisa kichwani. Akanisalimia kwa heshima. Akatoa kwa mfuko karatasi imekunjwa mpaka inakatika. Woi, Madam, ni ile picha ya kalenda. Akaniuliza, "Mama, kwa Masila ni wapi? Nimeambiwa ako na mtoto anaitwa Mbeke."

Nilikuwa nakatia mteja sukuma. Nilijikata kidole na sikusikia. Nikamwambia, "Hao walihama. Walienda Rombo, kule karibu na mpaka, wanalima nyanya." Lilitoka tu. Akauliza kama Rombo ni mbali. Nikamwambia aende mpaka Loitokitok, aulize huko. Alinishukuru! Akanibariki, mimi! Akataka ndizi mbili za njiani, nikampa tano, na pesa yake nikakataa. Alipopokea nikaona mkono. Ni mkono wa Mbeke. Anashika kitu kama anaogopa kitaanguka.

Sasa nisikize. Siku ya pili tu baada ya kuletwa, Mbeke aliniambia, "Mama alienda sokoni." Hivyo tu, na chai mkononi. Nilimsikia. Mtu aliyeenda sokoni hakuwa kwa nyumba iliyochomeka, hata mtoto anajua hiyo hesabu, na yeye ndiye aliyekuwa akiifanya pale langoni kila Jumanne. Nilimnyamazia mpaka akaacha kukaa hapo. Siku aliyoacha nilichinja kuku.

Sikukuandikia hayo maneno. Lakini habari ya Jumanne nilikuandikia, na wewe ulisoma barua mara mbili, ulisema mwenyewe. Tulikuwa wawili.

Kathini


Nakuru,
6 Septemba 1998

Kwa mama wa ndizi,

Sasa nimeulizia watu, najua wewe ni Mama Kyule, bibi ya Masila. Siku ile hukuniambia.

Nilienda Rombo. Nimekaa huko siku tatu, nalala kwa kanisa, mchana nauliza shamba kwa shamba. Watu walinionea huruma, mmoja akaacha kazi yake akanizungusha kwa mashamba yote ya nyanya. Siku ya tatu nilikaa chini ya ukuta nikala ndizi ya mwisho. Hapo ndipo nilijiuliza, mtu wa soko gani anakataa pesa ya mtu asiyemjua? Mimi niliuza viazi miaka tisa na sikukataa pesa hata ya dada yangu. Nikakumbuka pia kidole chako kilikuwa kinatoka damu na hukukiangalia.

Nilirudi Kitengela. Sikuja kwako. Nilisimama ng'ambo ya barabara penye malori ya Namanga mpaka watoto wakatoka shule. Alikuja mbio. Hata hakukusalimia. Alitupa mfuko chini ya meza, akachukua jerikeni, akaenda maji bila kutumwa. Mgeni hafanyi hivyo. Akapita karibu nami, kama hatua nne. Nikaita, "Wamaitha." Akaangalia nyuma yake aone ni nani anaitwa. Hakuona mtu, akaendelea na maji yake.

Kama ningemkuta amekonda ningemshika mkono tukaenda. Kama ningeona alama ya kiboko ningepiga nduru mpaka polisi waje. Lakini umemlea vizuri. Hilo ndilo siwezi kukusamehe.

Sitakuja tena. Mimi naishi chumba kimoja cha mabati na sijui kama nitakuwa nacho mwaka ujao. Nakuomba kitu kimoja tu. Kwa karatasi yao wameandika nimekufa. Waambie wafute. Siku yangu ikifika, nife mara moja kama watu wengine.

Nyakio


Kitengela,
15 Septemba 1998

Madam,

Barua ya yule mama nimeifungia humu ndani. Soma, hata mara moja inatosha. Kisha toa faili, kata pale nilipokwambia amekufa, uandike yuko hai. Nimesema uongo mimi Kathini, andika hivyo pia ukitaka.

Kathini


Kajiado,
2 Oktoba 1998

Mpendwa Mama Kyule,

Nimesoma. Nililia, nataka ujue hilo.

Lakini sikiliza. Nikiandika yuko hai, faili inafungwa siku hiyo hiyo. Mbeke atafika darasa la nane mwaka wa elfu mbili, na ni Mpango utakaomlipia sekondari. Wewe na Masila mtaweza? Kiwanda cha saruji anakofanya kazi Masila kimepunguza watu, wewe mwenyewe uliniambia. Tena watauliza kuhusu hiyo miaka sita yote, nani alijaza, nani alijua. Mimi nitafutwa kazi, wewe utaitwa mwizi wa mtoto, na Mbeke atarudi kukaa chumba cha mabati. Nani atakuwa amesaidiwa?

Mama huyo mwenyewe amesema hatakuja tena. Mtoto hajui lolote. Mambo yametulia, tuyaache yatulie. Barua yake nimeirudisha. Haifai kukaa ofisini.

Maryanne


Kitengela,
20 Januari 1999

Mama Wamaitha,

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Kyule, ambaye sasa ni mtu mzima, anamsindikiza.

Ofisi imekataa kufuta. Nilikaa na hilo neno miezi mitatu na lilininyima usingizi. Jana ilikuwa Jumanne. Tulipokuwa mezani nikamwambia, mama yako alirudi kutoka sokoni. Nikamwambia yote, mpaka ya Rombo, mpaka ya ndizi. Masila alikuwa ameshika kichwa. Nilifikiri mtoto atalia au atanipiga. Aliniuliza tu, "Na wewe ulijua tangu lini?" Nikamwambia tangu siku ya pili.

Akainuka, akakusanya vikombe, akaviosha vyote. Akavipanga. Halafu akaingia kufunga nguo zake.

Sikuombi msamaha kwa sababu hata mimi nisingetoa. Anapenda uji mzito. Akiwa na homa hasemi, lazima umguse. Karo nitatafuta, Mpango uwepo usiwepo. Nimemwambia mlango wa huku hautafungwa. Akaendelea kufunga nguo.

Kathini


Nakuru,
18 Aprili 1999

Kwa Mama Kyule,

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kuanza barua kwa kuuliza hali ya mtu. Sitauliza.

Nilifika. Kyule alinionyesha mlango, akasimama mbali. Ilikuwa jioni, na macho ya mama hayaoni vizuri jioni kwa sababu ya moshi. Alifungua akaniuliza, "Wewe ni nani?" Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelirudia njia nzima, tangu Athi River mpaka Nakuru, midomo ikicheza mpaka Kyule akaniuliza kama naomba. Nikafungua mdomo nikasema, "Mimi ni Mbeke." Lilitoka tu, kama lile lako la Rombo.

Alisogea ili nipite. Humu ndani kuna kiti kimoja, akanipa mimi, yeye akakaa kwa kitanda. Akaenda kwa jirani kuomba maziwa ya chai. Barua yako alisomewa kanisani siku iliyofuata, kwa sababu ya macho hayo, mimi nikiwa nje. Alipotoka alinishika mkono wa kushoto, akaangalia ile alama muda mrefu, akauachilia.

Ananiita Wamaitha. Naitika, lakini nachelewa kidogo, na yeye anasikia nikichelewa. Alinionyesha mahali kwenye Biblia ameandika jina langu na la mdogo wangu, na tarehe tuliyokufa, moja. Yangu ameikata kwa kalamu. Hakulazimika kuomba ofisi.

Amerudia kuuza viazi. Jumanne anatoka mapema. Mimi sasa ni mkubwa, najua atarudi, na najua soko la hapa linaisha saa kumi na moja. Lakini nakaa mlangoni. Akinikuta hapo ananipita na mzigo wake, hataki niupokee.

Umeniharibia pande mbili, Mama Kyule. Huko nilikuwa mtoto wa nyumba kwa uongo, hapa ni ukweli na sijui mahali sufuria zinawekwa. Nilikuwa na miaka sita. Nilikuambia. Ungeweza kunijibu.

Leo kanisani nimeona kalenda yao ya mwaka huu. Mwezi wa nne ni kijana anachota maji. Chini imeandikwa amepoteza baba na mama. Nimesimama hapo mpaka watu wakatoka wote.

Usije, na pesa ya karo usitume. Mwambie Masila ushanga bado ninao, sijui nifanye nini nao.

Kila tukimaliza chai nachukua kikombe changu niende kukiosha. Mama ananinyang'anya. "Kaa," ananiambia, "wewe kaa tu." Anakiosha yeye, pole pole, kisha anakipangusa na kitambaa cha kanisa na kukirudisha juu ya kabati, peke yake, mbali na kile chake. Wewe ulinikataza siku tatu. Leo nimehesabu siku themanini na nane, na bado sijaosha kikombe.

Wamaitha